Bahasha ya Misheni na Swali la Mwenye Kanisa

Jumapili moja mwezi uliopita, baada ya mahubiri, wazee wa usharika ninaosali walitugawia bahasha ndogo za rangi ya kaki zilizoandikwa neno moja tu: MISHENI. Mwinjilisti mgeni akasimama kutueleza kazi inayofanyika miongoni mwa wafugaji wa eneo moja la mbali. Alitusimulia darasa la ubatizo linalokutana chini ya mti, pikipiki iliyoharibika, na mwalimu ambaye hajapata posho kwa miezi minne. Alizungumza vizuri, na watu walitoa. Nje, kwenye mnada, mkungu mmoja wa ndizi uliuzwa na kurudishwa mara tano kwa ajili ya pikipiki ile. Hata hivyo ilikuwapo sentensi moja iliyonikwama kooni. Alisema kwamba wenzetu hao wako gizani kabisa na hawana chochote cha kuanzia.

Nimetumia sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nikisoma taarifa ambazo wamisionari wa karne ya 19 waliwaandikia wafadhili wao huko Ulaya, na sentensi hiyo naifahamu. Iliandikwa juu ya babu zetu, kwa maneno yanayokaribiana sana na hayo, na kwa kusudi lile lile: kumfanya mtu aliyeketi kwenye benchi la kanisa atie mkono mfukoni.

Kijana aliyekuwa ameketi kando yangu, mwanafunzi wangu wa zamani, aliniinamia akanong'ona: "Mwalimu, wewe uliyetufundisha historia ya ukoloni, nawe utatia kitu humo?" Nilimjibu kwamba nitatia, na kwamba nitamwandikia sababu zangu. Makala haya ndiyo majibu yenyewe. Nayaandika hadharani kwa sababu swali lake si la waumini peke yao. Ni swali la kila anayetoa fedha kwa ajili ya kazi itakayofanyika mahali asipopaona, na la kila anayeishi kwa fedha iliyotolewa na mtu asiyemjua.

Peni moja kwa juma

Tumezoea kudhani kwamba misheni ilikuwa kazi ya matajiri na serikali za Ulaya. Kwa muda mrefu hali ilikuwa hivyo kwa sehemu kubwa. Watawa wa Mtakatifu Augustino waliohudumu Mombasa enzi za Wareno walikuwa chini ya ulinzi wa mfalme wa Ureno. Fort Jesus ilipoanguka mikononi mwa Waomani mwaka 1698, Ukristo ule uliondoka pamoja na mabaharia na mizinga iliyouleta. Dini iliyolipiwa na taji ilifungasha virago pamoja na taji.

Badiliko kubwa lilitokea mwaka 1792. William Carey, fundi viatu wa Kiingereza aliyekuwa pia mhubiri wa Kibaptisti, alichapisha kijitabu cha kuwahimiza Wakristo kwamba kuhubiri Injili ng'ambo ni wajibu wao. Hoja za kitheolojia za kijitabu hicho zimeandikwa sana. Inayonivutia mimi ni hoja yake ya fedha. Carey hakuwaendea mabwana wenye mashamba. Alipendekeza waumini wa kawaida watoe peni moja kwa juma. Tarehe 2 Oktoba mwaka huo, katika mji mdogo wa Kettering, kikundi cha wachungaji na waumini kiliandika ahadi zao za kwanza. Jumla ilikuwa pauni 13, shilingi 2 na peni 6, na ahadi hizo ziliwekwa katika kisanduku cha ugoro. Mwaka uliofuata Carey alikwenda India.

Miaka 30 baadaye, upande wa Wakatoliki, mwanamke kijana wa mji wa Lyon nchini Ufaransa, Pauline Jaricot, aliupa mpango wa namna hiyo muundo madhubuti. Baba yake alikuwa na kiwanda cha hariri, na wafanyakazi wa hariri walikuwa miongoni mwa watoaji wake wa kwanza. Kila mtu alitoa sou moja, sarafu ndogo kabisa, kila juma. Watu kumi waliunda kundi lenye mkusanyaji mmoja, makundi kumi yakawa mia, na mia zikaunganishwa tena. Mwaka 1822 mpango huo ukawa Shirika la Kueneza Imani, ambalo karne moja baadaye Papa Pius XI alilifanya kuwa shirika la Kipapa. Jaricot mwenyewe alitangazwa mwenye heri mwaka 2022, mjini kwake Lyon.

Watoto nao hawakuachwa. Mwaka 1843 Wakatoliki wa Ufaransa walianzisha shirika la Utoto Mtakatifu ambamo watoto walichangia watoto wenzao wa ng'ambo. Mwaka 1844 watoto wa Uingereza walichanga zaidi ya pauni 6,000 zilizoipatia London Missionary Society meli ya kwenda visiwa vya Pasifiki.

Naomba wanaharakati wasiipite sehemu hii haraka. Fundi viatu, mfuma hariri, mwanamke na mtoto hawakuwa na kura katika nchi zao. Bunge halikuwauliza lolote kuhusu mambo ya ng'ambo. Lakini kwa peni na sou, kwa daftari la mkusanyaji, kwa jarida la kila mwezi na mkutano wa kila mwaka, waliunda vyama vikubwa vilivyodumu kwa vizazi. Haba na haba hujaza kibaba, nao walikijaza. Fedha za namna hiyo ndizo zilizomtunza Johann Ludwig Krapf wa Church Missionary Society (CMS) alipofika Mombasa mwaka 1844, akamzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga katika mwaka huo huo, kisha akahamia Rabai akiendelea kukusanya maneno ya Kiswahili. Fedha za namna hiyo pia zilisaidia kazi ya mapadri wa Roho Mtakatifu huko Bagamoyo, walioanza hapo mwaka 1868, kuwakomboa watoto watumwa.

Kwa hiyo jibu langu la kwanza kwa yule kijana ni hili: si kweli kwamba misheni ililipiwa na ukoloni tangu mwanzo. Sehemu kubwa ya gharama zake ilibebwa na watu wadogo, wengi wao maskini, walioamini kwamba jirani yao anaweza kuwa mtu wasiyemfahamu kabisa. Katika hilo mna heshima ambayo mwanahistoria mwaminifu hawezi kuikana.

Sadaka iliyoiweka kampuni Uganda

Jibu la pili ni chungu zaidi, nalo linatupeleka Buganda.

Mwezi Novemba 1875 gazeti la Daily Telegraph la London lilichapisha barua ya Henry Morton Stanley. Ndani yake alieleza kwamba Kabaka Mutesa alikuwa tayari kupokea walimu wa Kikristo. Siku chache baadaye CMS ilipokea ahadi ya pauni 5,000 kutoka kwa mtu aliyeficha jina lake. Michango ikamiminika hadi kufikia pauni 24,000 hivi, na wamisionari wa kwanza wa shirika hilo wakawasili kwa Mutesa katikati ya mwaka 1877. White Fathers wa Kikatoliki wakafuata mwaka 1879, nao wakitegemea sadaka za waumini wa Ufaransa na kwingineko.

Yaliyofuata yanajulikana: mauaji ya wafiadini chini ya Mwanga, kisha vita vya vyama vya dini, Waislamu, Wakatoliki na Waprotestanti wakigombania jumba la Kabaka. Mwishoni mwa 1890 Kapteni Frederick Lugard aliwasili kwa niaba ya kampuni ya Imperial British East Africa. Kampuni hiyo ilikuwa inakula hasara, na mwaka 1891 wakurugenzi wake wakaamua kuondoka Uganda.

Hapo ndipo sadaka ilipoingia. Mwishoni mwa Oktoba 1891, katika ukumbi wa Exeter Hall mjini London, Askofu Alfred Tucker aliwasihi wafuasi wa CMS wasiruhusu Uganda iachwe, maana Wakristo wa kule, alivyoamini, wangeangamizwa. Katika mkutano huo peke yake zilipatikana pauni 8,000 hivi, na katika siku chache zilizofuata mchango ukakaribia pauni 16,000. Fedha hizo hazikwenda kujenga shule wala kununua Biblia. Zilikwenda kusaidia gharama za kampuni ya biashara yenye hati ya kifalme na askari wake, ili ibaki Uganda mwaka mmoja zaidi. Kampuni ikakubali kuahirisha safari hadi mwisho wa 1892.

Mwezi Januari 1892, miezi michache tu baada ya mkutano ule, vita vilizuka Mengo. Lugard aliwapa Waprotestanti bunduki, na bunduki yake ya Maxim ikatumika dhidi ya upande wa Wakatoliki. Wakatoliki walishindwa, Mwanga akakimbia, na madaraka na maeneo ya nchi yakagawanywa kwa dini kwa namna ambayo siasa za Uganda hazijaisahau hadi leo. Mwaka uliopatikana kwa sadaka uliipa pia serikali ya Uingereza muda wa kushawishiwa. Mwaka 1894 Uganda ikawa nchi ya himaya.

Sitaki kumsingizia mtu. Mama aliyevua pete yake au kijana aliyetoa akiba yake kwa ajili ya wito ule hakukusudia kununua bunduki. Aliambiwa kwamba ndugu zake katika imani wako hatarini, akaamini, akatoa. Mtoaji wa Lyon naye hakujua kwamba kijana aliyesomeshwa dini kwa sou yake angesimama siku moja akitazamana na kijana aliyesomeshwa dini kwa peni ya London, wote wawili Waganda, wote wawili Wakristo. Pande zote mbili zilitoa kwa upendo, na hakuna hata mmoja wa watoaji hao aliyewauliza Waganda wenyewe walikuwa wanataka nini.

Hili ndilo fundisho ninalolibeba kutoka Exeter Hall. Kilichoharibika si ukarimu. Kilichokosekana ni swali. Mtoaji alipewa hadithi ya giza na hatari, lakini hakupewa hesabu ya namna fedha yake itakavyotumika, na sauti ya yule anayesaidiwa haikuwamo ukumbini. Upendo usiouliza huweza kutumwa mahali popote na yeyote anayejua kusimulia.

Waganda walipotoa wao

Baadhi ya viongozi wa misheni waliiona hatari hiyo mapema. Henry Venn, aliyekuwa katibu wa CMS kuanzia 1841 kwa takriban miaka 30, alishikilia kwamba lengo la misheni ni kujiondoa. Kanisa la wenyeji, alisema, ni lazima lijitegemee kwa fedha, lijiongoze lenyewe na lijieneze lenyewe. Mambo haya matatu yanakwenda pamoja. Asiyejilisha hawezi kujiongoza kwa muda mrefu, na asiyejiongoza hatakuwa na hamu ya kumpelekea mwingine kitu ambacho hata yeye hajakimiliki.

Ajabu ya historia ni kwamba Tucker, yule yule wa Exeter Hall, ndiye aliyejaribu kwa bidii kuitekeleza kanuni hiyo Uganda. Alisisitiza kwamba walimu na wachungaji wenyeji watunzwe na Waganda wenyewe, na makanisa yao yajengwe kwa nguvu zao, si kwa fedha za Uingereza. Kanisa kuu la matofali juu ya kilima cha Namirembe, lililowekwa wakfu mwaka 1904, lilijengwa kwa udongo na kuni zilizobebwa vichwani na mabegani na Waganda, wakubwa kwa wadogo. Radi ililichoma mwaka 1910, nao wakachanga tena, hata kanisa linalosimama leo likakamilika mwaka 1919. Sisemi kila mzigo ulibebwa kwa hiari. Machifu ndio waliokuwa mstari wa mbele katika kazi hiyo, na chifu akichanga si rahisi kwa mtu wake kukataa. Lakini lilikuwa jengo lao, na walijua hivyo.

Tunda kubwa zaidi la kutoa huku halikuwa jengo. Katika miaka ya 1890 kanisa la Buganda lilianza kutuma walimu wake Toro, Bunyoro, Busoga na kwingineko. Mmoja wao alikuwa Apolo Kivebulaya. Alibatizwa mwaka 1895, akapelekwa Toro, na mwaka 1896 akavuka upande wa pili wa milima ya Ruwenzori hadi Mboga, ambako leo ni Kongo. Alipigwa, alikataliwa, alirudishwa Toro akiwa amefungwa minyororo, kisha akarudi Mboga. Baadaye aliingia msituni kwa Wambuti. Alikufa Mboga mwaka 1933 baada ya kuagiza azikwe kichwa chake kikielekea magharibi, kwenye msitu ambako kazi ilikuwa haijaisha, wala si mashariki, kwao Buganda.

Namkumbuka Kivebulaya kila ninaposikia kwamba umisionari ni jambo la wazungu. Kwa wanafunzi wangu humtaja kuwa mmoja wa wamisionari wakubwa wa ukanda huu, na nyuma yake walikuwapo watu wasiotajwa vitabuni: waliotoa ndizi, nguo za magome, simbi na siku zao za kazi ili walimu wa namna yake waishi.

Hata hivyo sitaki kupaka rangi. Kuanzia mwaka 1897 Tucker alipendekeza katiba ambayo ingewaweka wamisionari wa Kizungu na Wakristo wa Uganda ndani ya kanisa moja, chini ya sinodi moja, kwa usawa. Waliompinga kwa nguvu ni wamisionari wenyewe. Mabishano yalidumu zaidi ya miaka 10, na katiba ilipokamilika mwaka 1909 pendekezo la kwanza lilikuwa limekwisha kupunguzwa makali. Waganda walikuwa wanajilipia, wanajieneza, lakini uongozi wa juu ukabaki kwingine. Kutoa, basi, ni sharti la umiliki, lakini hakuleti umiliki peke yake. Aliyelipa bado hulazimika kudai.

Mgeni alipoondoka, na mgeni alipoombwa aondoke

Wakati mwingine historia yenyewe huuliza swali ambalo watu wanalikwepa. Kilimanjaro, ambako wamisionari wa Leipzig walianza kazi mwaka 1893, Vita Kuu ya Kwanza vilikatiza uhusiano na Ujerumani, na mwaka 1920 Wajerumani wakafukuzwa Tanganyika. Makanisa hayakufungwa. Walimu Wachagga, ambao hawakuwa hata wamebarikiwa kuwa wachungaji, waliendelea kufundisha, kuzika na kuongoza ibada, wakilishwa na watu wao, hata msaada wa Walutheri wa Marekani ulipofika. Mwaka 1940 Wajerumani walipowekwa kizuizini tena, jambo lile lile likajirudia katika sharika nyingi za Kilutheri. Walutheri wa nchi nyingine waliziita misheni hizo yatima. Nami hujiuliza kama yatima ni neno sahihi kwa mtu aliyegundua, baada ya mlezi kuondoka, kwamba nyumba ilikuwa yake.

Miaka 30 baadaye, John Gatu aliomba kwa hiari kile ambacho vita vilikileta kwa nguvu. Gatu, aliyewahi kuwa askari wa KAR katika Vita Kuu ya Pili, alikuwa Katibu Mkuu wa Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki (PCEA). Mwaka 1971, mbele ya mkutano wa misheni mjini Milwaukee, Marekani, alipendekeza kwamba wamisionari na fedha za kigeni zisitishwe kwa muda usiopungua miaka mitano, ili makanisa ya Afrika yapate nafasi ya kujitambua na makanisa ya Magharibi yapate nafasi ya kujichunguza. Tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Gatu alikwenda mbali zaidi: alimwomba mgeni aende kwao kwanza, ili mwenyeji akumbuke jembe liko wapi.

Kelele zilikuwa kubwa. Wengine walimwita asiye na shukrani. Lakini mwezi Mei 1974, Baraza la Makanisa ya Afrika Yote lilipokutana Lusaka, liliunga mkono wito huo. PCEA yenyewe ikalichukua neno Jitegemea kuwa kaulimbiu yake. Upande wa Wakatoliki, Papa Paulo VI alikuwa amewaambia Waafrika jijini Kampala, mwaka 1969, kwamba sasa wao wenyewe ni wamisionari wa bara lao. Mwaka mmoja kabla ya hapo, shirika la Mitume wa Yesu lilikuwa limeanzishwa Moroto kwa ajili ya kuwaandaa wamisionari Waafrika. Maaskofu wa AMECEA nao, mwaka 1973, wakaelekeza nguvu kwenye jumuiya ndogo ndogo zinazojihudumia, zinazojieneza na zinazojitegemea. Hayo yote yalitokea katika hewa ile ile iliyovuma kutoka Arusha mwaka 1967, Tanzania ilipojiambia kwamba nchi haijengwi kwa fedha za kuomba.

Kwa sehemu kubwa wito wa Gatu haukutekelezwa. Miradi ilikuwa mingi, mishahara ilikuwa inasubiriwa, na wapo viongozi wa Kiafrika walioona kwamba kusitisha misaada kungewaumiza wao kabla ya kumfundisha mtu yeyote. Siwalaumu bila kuwaelewa. Lakini swali lake halikufa. Mwanzoni mwa 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, nilizungumza na vijana wanaofanya kazi katika asasi za kiraia ambao walikuta ofisi zao zimefungwa ndani ya siku chache. Wao hawakuwa wahubiri, na wengine hawaingii kanisani kabisa. Lakini maumivu yao yalikuwa yale yale ambayo Gatu alitaka tuyapitie kwa mpango, badala ya kuyapata kwa ghafla. Cha kuazima hakisitiri, iwe ni kanzu ya mchungaji au bango la mwanaharakati. Mtumishi wa umma anayeandaa bajeti ya wizara akiwa ameacha mistari mizima kwa ajili ya wahisani analijua jambo hili kuliko mimi.

Sasa zamu ni yetu

Ninaamini kwamba waumini wa makanisa yetu wanapaswa kuitegemeza kazi ya misheni, na kwa moyo mkunjufu kuliko sasa. Wengi wetu tumezoea kulijua neno misheni kwa upande wa kupokea: hospitali ya misheni, shule ya misheni, nguo za misheni. Mtu aliyepokea muda mrefu bila kutoa huanza kujiona kwamba hana kitu, hata anapokuwa na mashamba, mishahara na magari. Siku kanisa linapotuma na kulipa kwa fedha yake, ndipo linapoacha kuwa tawi la kitu cha watu wengine. Hilo Kivebulaya na waliomtuma walilielewa zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Lakini kwa kuwa sasa sisi ndio tulioshika bahasha, hatari ya Exeter Hall imehamia kwetu. Wafugaji wanaohubiriwa na wainjilisti wetu wanaweza kututazama kama babu zetu walivyomtazama mzungu: mtu aliyekuja na chakula, dawa na hukumu mkononi. Tunaweza kuwasimulia vibaya ili tuchange vizuri. Tunaweza kujenga kanisa la bati katika ardhi yenye mgogoro bila kuuliza ni ya nani, na kuuita huo ushindi wa Injili. Rangi ya ngozi yetu haitukingi na makosa hayo hata kidogo.

Kwa hiyo mtoaji ana haki, na zaidi ya haki ana wajibu, wa kuuliza fedha inakwenda wapi na nani ataleta hesabu. Aulize pia wenyeji wa mahali pale wanasema nini kuhusu kazi hiyo, na kwa midomo yao wenyewe. Na aulize ni lini mwalimu wa pale atatunzwa na watu wa pale, naye mtoaji wa hapa aelekee kwingine. Kamati ya misheni isiyoweza kuyajibu maswali hayo haihitaji wimbo mwingine wa kuchangia. Inahitaji kikao.

Baada ya mnada nilimfuata yule mwinjilisti, nikamsalimia, nikamuuliza watu wale wenyewe wanatoa nini. Uso wake ulibadilika kwa furaha. Akaniambia kwamba akina mama ndio waliolisafisha eneo la kukutania, kwamba familia tatu zimekuwa zikimpelekea mwalimu maziwa kila siku katika miezi hiyo minne, na kwamba mzee mmoja ambaye hajabatizwa alimtoa mbuzi auzwe ili mwalimu asiondoke. Nilishangaa. "Ndugu yangu," nikamwambia, "mbona hayo hukuyasema mbele ya watu? Ulisema hawana chochote cha kuanzia." Akacheka kwa aibu kidogo. "Mwalimu, ningesema wana maziwa na mbuzi, bahasha zingerudi nyepesi."

Sikumkasirikia. Alikuwa amejifunza kutoka kwetu ni hadithi gani inayofungua mifuko yetu. Nilitia fedha katika bahasha, na nje yake nikaandika ombi kwa kamati: safari ijayo, mzee yule wa mbuzi aalikwe, nauli yake nitailipa mimi, asimame mbele yetu azungumze kwa lugha yake na atafsiriwe. Huyo ndiye aliyekuwa mfadhili wa kwanza wa misheni ile. Sisi tulifika tu kumsaidia, na ni vema tukalijua hilo kabla hatujazifunga bahasha zetu.